Ninalo Dirisha

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo nimeamua kuwa mtu wa dirishani. Uamuzi mkubwa. Nimeufanya kabla ya chai.

Chanzo ni hiki. Mzee wa dirishani anastaafu. Bi Mkubwa, mkuu wa ofisi yetu ya vitu vilivyopotea hapa stesheni, ametuita wawili, mimi na Bwana Tai, akasema Ijumaa anakuja Mkaguzi. Atatusikiliza mmoja mmoja. Abiria wageni wamezidi kwenye treni, nao husahau vitu kama binadamu wengine, ila wao huvidai kwa Kiingereza. Atakayejua kusema nani ana nini, na nini ni cha nani, atakaa dirishani. Mwingine atakaa stoo.

Stoo nakaa mimi. Nimekaa humo mpaka miavuli imenizoea. Haina dirisha. Ina taa moja ya manjano ambayo huzimika ikitaka, ikawaka ikitaka, na sijawahi kuwa na kauli katika jambo hilo. Mvua ikinyesha nje najua kwa harufu ya vitu vinavyoletwa.

Lakini pale dirishani! Alasiri jua huingia, hupanda mezani, hujinyoosha kama paka aliyeshiba. Kila nikipeleka kitu huko huweka mkono wangu kwenye jua hilo kidogo. Bi Mkubwa huuliza nimesimamia nini. Husema nakumbuka jambo. Ni kweli nakumbuka jambo, ila halijatokea bado: mimi, kiti, meza, na jua limelala kwenye mkono wangu wa shati.

Bwana Tai ameitwa hivyo kwa sababu ya tai anayovaa shingoni, ingawa wanaomfahamu vizuri wanasema ni kwa sababu ya yule ndege. Amekuja stoo kunipa pole mapema. Amesema kaka, wewe na giza mmeshaoana, mtaachanaje leo? Nikatoa kicheko cha dharau. Kilitoka kama kikohozi, akanipa pole ya pili.

Hajui kwamba nina silaha. Kwenye rafu ya vitabu kuna kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichosahauliwa behewani. Jalada halipo, lakini sura ya kwanza ipo nzima, nayo inahusu vitenzi vya kumiliki! Ni kama abiria yule alikisahau kwa ajili yangu. Asante, abiria. Na pole kwa mtihani wako.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimesoma sura ya kwanza kutwa nzima. Kazi nyingine imesubiri. Imezoea.

Hiki Kiingereza kina mambo. Sisi tukisema mtu ana mwavuli, maana yake yuko na mwavuli. Wameongozana. Ni kama marafiki wawili njiani, mvua ikikatika kila mmoja anashika njia yake, na ndiyo maana stoo yangu imefurika. Mwingereza hayuko na mwavuli. Anao. "Have." Neno fupi, kama mlango uliofungwa na mtu asiyetaka wageni. Halafu kuna "own," neno la mtu aliyekula akashiba na funguo ziko mfukoni. Halafu "belong." Hili limenigusa. Hapa mtu hafanyi chochote, kazi yote inafanya kitu chenyewe. Kitu ndicho kinachomwelekea mwenyewe, popote alipo, kama alizeti na jua.

Nikanyanyua macho nikatazama rafu zangu. Vyote vile vinamwelekea mtu. Tarumbeta kubwa la shaba, lenye mdomo wa kuingia mtoto, linamwelekea mtu mwenye mapafu. Meno ya bandia yanauelekea mdomo fulani unaokula uji wakati huu. Gauni la harusi. Kitanda cha mtoto. Tufe la dunia lililobonyea upande mmoja, bahari zimeingia ndani. Na ule mkongojo! Mkongojo mmoja, umeachwa behewani. Mwenyewe alishukaje? Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mimi naamini alipona njiani. Alilala mgonjwa, akaamka mzima, akashuka anaimba.

Taa ikazimika. Nikaendelea kuvitazama hivyo hivyo gizani. Nikahisi vinapumua.

Mbinu: kitabu kinasema mwanafunzi ashike kitu mkononi, akiseme kwa sauti, mbele ya wasikilizaji. Nimepata wasikilizaji. Wa kwanza ni mlinzi wetu, Babu Funguo, mzee ambaye hajawahi kusema uongo, na kwa sababu hiyo hana marafiki wengi. Wa pili ni Mama Deki, anayesafisha sakafu na kutoa maoni. Nimewaahidi biskuti. Wamekubali. Babu Funguo aliuliza biskuti za aina gani kwanza.

Nyumbani nimemweleza Dada kwamba najifunza vitenzi vya kuwa na vitu. Akauliza kama hicho kitabu kina kitenzi cha kununua sabuni. Dada ndiye mwenye nyumba. Vyumba viwili na ukumbi mwembamba wa kupita mtu mmoja, na mtu huyo asiwe na haraka. Alikuwa mapokezi kwenye duka la dobi, anapokea nguo na kuzirudisha. Duka limefungwa mwezi uliopita, na tangu hapo hana wateja wa kuwafokea. Nimebaki mimi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Kabla sijaandika ushindi wa leo, nieleze desturi moja ya ofisi yetu. Naiandika kwa ajili ya kumbukumbu tu. Haihusiani na masomo.

Kitu kikikaa rafuni mpaka vumbi lake nalo limeota vumbi, mfanyakazi anaruhusiwa kukichukua. Lakini asinyemelee. Lazima asimame mbele ya wenzake wawili, akishike, aseme wazi kwamba ni chake. Neno lililosemwa mbele ya wawili halirudi mdomoni. Na kabla ya jioni kitu kiwe kimetoka jengoni. Desturi hii ilianza kwa sababu ya baiskeli ambayo watumishi watatu waliapa kwamba kila mmoja aliichagua wa kwanza, moyoni. Bi Mkubwa akasema kuanzia leo watu wachague kwa mdomo.

Basi. Masomo.

Saa ya chai wasikilizaji wamekaa juu ya masanduku ya wenyewe. Mimi katikati. Nikashika saa ya ukutani. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ninayo saa. Kisha, kwa sababu mwalimu mzuri haachi mtu nyuma, nikawafafanulia kwa Kiswahili: hii saa ni yangu. Babu Funguo akaacha kutafuna. Nikashika tufe la dunia. Ninayo dunia, hii dunia ni yangu. Lo, raha! Sikujua kwamba sarufi inapandisha damu namna hii. Nikashika meno. Nikashika gauni, nikaliweka kifuani ili sentensi ikae vizuri. Kitanda. Mkongojo. Miavuli nikaishika kwa mafungu.

Tulipofika kwenye tarumbeta Babu Funguo akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akauliza, kwa heshima zote, kijana, na hili pia? Nikamwambia Babu, hili pia. Akauliza una hakika? Nikamwambia ninalo, ni langu, ni mali yangu, nikalipiga mara moja kuthibitisha. Mama Deki alinitazama kama anavyotazama maji machafu yaliyomwagika mahali alipokwisha kupiga deki. Akasema haya baba, Mungu akupe nafasi. Nikaitikia amina. Nadhani alimaanisha kazi.

Mwishoni nikashika kitu nikipendacho kuliko vyote humu: mwavuli wa kijivu wenye mpini wa mbao uliochongwa kichwa cha bata. Bata yule ana jicho moja limefutika. Hunitazama kwa lile lililobaki, kwa upole, kama mtu anayejua ndoto zangu na hazimchekeshi. Sentensi ya mwavuli huu niliisema polepole. Sauti yangu ilitetemeka kidogo. Mama Deki akasema vumbi.

Nikageuka, nani yuko mlangoni? Bwana Tai. Anakula biskuti zangu. Alinipigia makofi! Akasema kaka, hongera, umesema vizuri sana, kila mtu amesikia.

Sikuwahi kumjua kama mtu wa kusifu wenzake. Ushindani humtoa mtu utu wake wa ndani.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mkosi! Balaa! Usaliti!

Asubuhi na mapema Bi Mkubwa ameniita. Bwana Tai alikuwa amekaa pembeni, ananyoosha tai yake. Bi Mkubwa ameniuliza kama ni kweli jana nimechukua rafu tatu nzima. Nikacheka. Nikasema yale yalikuwa mazoezi ya Kiingereza. Akaniuliza nilivishika? Nilivishika. Nilisema ni vyangu? Nilisema, ila kwa ajili ya sarufi. Mashahidi walikuwapo? Walikuwapo, wakila biskuti. Akaitwa Babu Funguo. Nikamkonyeza. Babu akasema samahani, mwenzenu ananikonyeza lakini sijui anataka niseme nini. Kisha akasema yote aliyoyasikia, na kwamba tarumbeta niliulizwa mara mbili.

Bi Mkubwa alikuwa anatabasamu. Kesho anakuja Mkaguzi, na zile rafu zimemnyima usingizi miaka mingi. Akasema desturi ni desturi. Vitu vyangu vitoke kabla ya jioni ya leo, maana ya jana imeshapita. Visipotoka, kesho nisijisumbue kukaribia dirisha.

Nimetafuta mkokoteni. Nimekwenda na kurudi mpaka miguu imesahau ni ya nani. Safari ya mwisho ndiyo iliyoniaibisha. Gauni la harusi nililiweka juu kabisa lisichafuke, na upepo ukalijaza. Watu barabarani wakaanza kupisha. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Kinyozi wa kona akatoka na wembe mkononi, akauliza bwana harusi, bibi harusi yuko wapi, au umemweka ndani ya tarumbeta? Nikamwambia hii ni sarufi. Akasema hata yeye alivyooa hakuelewa.

Dada alikuwa mlangoni. Sitaandika yote aliyosema, karatasi ni ya shule na inaweza kuungua. Kwa kifupi: alisema nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina, na jina hilo si stesheni. Alisema wewe mdogo wangu, mama alipokuwa anagawa akili ulikuwa umeenda kuokota nini? Kitanda cha mtoto kimeziba ukumbi. Kufika jikoni sasa lazima upite ndani ya kitanda. Alipita, mguu mmoja baada ya mwingine, akiwa na sufuria, na hakunitazama. Akasema kesho. Nikauliza kesho nini. Akasema wewe subiri kesho tu.

Hata hivyo, nikiri hapa, ambapo hakuna msikilizaji. Jioni mvua ilipoanza nilijilaza kwenye kile kitanda, miguu nje. Miavuli nilikuwa nimeining'iniza darini isizibe njia, na upepo wa mlangoni ukawa unaizungusha taratibu. Tufe lilikuwa tumboni mwangu. Nikalizungusha kwa kidole. Nchi zikapita, bahari zikapita, bata ananitazama kutoka msumarini. Nikawaza: hivi ndivyo wanavyojisikia wenye "own." Si vibaya. Ukuta ungekuwa na dirisha upande huu, jua lingenikuta hapa kesho, katikati ya mali yangu.

Dada akaniamsha akapita tena na sufuria.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Siku yenyewe. Mvua tangu alfajiri. Nimevaa shati la kazini, Dada hakunipigia pasi.

Mkaguzi ni mtu mwembamba mwenye kalamu nene. Alikaa nyuma yetu karibu na Bi Mkubwa. Bwana Tai alitangulia. Alikuja mzungu mmoja anatafuta begi lake jeusi. Bwana Tai akamsalimu kwa Kiingereza. Yule akajibu, akaeleza begi. Bwana Tai akamsalimu tena. Akaeleza tena. Baada ya salamu nyingi Bwana Tai akampa begi la kahawia, na yule bwana, kwa adabu au kwa uchovu, akalichukua akaondoka. Mkaguzi akaandika kitu kifupi.

Zamu yangu! Nikakaa kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa bado na joto la Bwana Tai, lakini nililivumilia. Jua halikuwapo kwa sababu ya mvua. Hata hivyo nilijua mahali pake mezani, nikaweka mkono hapo.

Akaja mama mmoja mgeni, wa makamo, maji yanamchuruzika kwenye nywele. Kwa utaratibu wetu mwenye kudai kitu lazima akieleze kabla hajakiona. Akaeleza. Mwavuli. Wa kijivu. Akaonyesha kwa mikono: kichwa, mdomo bapa. Akalia kama bata, mtu mzima yule, mbele ya watu. Kisha akafunika jicho moja kwa kiganja.

Bata wangu!

Akaniuliza kwa Kiingereza kama ninao.

Sijawahi kuulizwa swali nililolijua hivyo! Nikasema ninao. "I have it." Wazi, bila kukwama. Nyuma yangu kalamu ilikwenda vizuri. Yule mama uso ukafunguka wote, akanyoosha mkono kupitia dirishani. Nikautazama mkono. Ulikuwa umelowa, una pete ndogo, umesubiri. Nikatafuta kichwani sentensi inayofuata. Sura ya kwanza ni ya kuwa na vitu. Kutoa vitu kuko sura ya pili, na sura ya pili sikuifikia.

Ikabidi niendelee na nilizonazo. Nikamwambia huo mwavuli ni wangu. Nikamwambia naumiliki. Hapakuwa na kosa hata moja. Tabasamu la yule mama likaanza kurudi lilikotoka. Akauliza tena, polepole, kama anaongea na mtoto. Nikajibu polepole, kwa heshima, kwamba ninao, na kwamba kwa sasa dada yangu anao. Alipogeuka kumtafuta mtu mwingine wa kumwuliza, nilisikia Bi Mkubwa anapumua kwa pua.

Hapo ndipo tukasikia magurudumu.

Dada! Anasukuma mkokoteni kwenye jukwaa la abiria, rafu tatu zote ziko juu yake, gauni ameliviringisha shingoni lisilowe, na juu ya kichwa chake, wazi, ule mwavuli wa bata. Na anasema. Alikuwa anasema tangu nyumbani, inaonekana, na alikuwa hajafika nusu. Vitanda vya watu. Meno ya watu! Meno ya watu kwenye meza ninayokulia! Akausimamisha mkokoteni mbele ya dirisha, akaniona, akasema ahaa, na umekaa kabisa.

Yule mama mgeni akapiga ukelele akaonyesha kidole. Dada akautazama mwavuli. Akamtazama mama, na maji yanayomchuruzika. Hakuuliza swali. Akaufunga, akaukung'uta, akauweka mkononi mwake akavifunga vidole vyake juu ya bata. Akamwambia kwa Kiswahili kitupu, chukua mamaangu, mtu mzima hatembei kwenye mvua hivi, na huyu mdogo wangu umsamehe, tulimpata hivyo hivyo. Yule mama akamkumbatia. Walikumbatiana muda mrefu. Bata alikuwa katikati yao, jicho limeelekea kwangu. Nilitazama pembeni.

Basi watu waliokuwa wanajikinga mvua wakasogea. Mkata tiketi akaitambua saa ya ukutani ya baba mkwe wake. Msichana mmoja akaliona gauni, akalia, akasema alishaolewa na lingine lakini atalichukua. Mzee wa uji akaja kwa ajili ya meno, akayavaa palepale, akacheka ili tuone. Na mtu mmoja akanyanyuka kwenye benchi, anaruka kwa mguu mmoja, akaomba mkongojo wake. Hakupona njiani. Nimevunjika moyo kabisa.

Dada alikuwa anapokea, anagawa, anafoka, anauliza wewe chako kipi, usisukume, wewe ulizaliwa na mwavuli mkononi? Bi Mkubwa amesema vimerudi vitu vingi leo kuliko tangu mwaka uanze. Mkaguzi akainama akaniuliza kwa Kiingereza yule ni nani. Nikajibu kwamba nina dada.

Hata hapo sikukosea.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Dirisha limepata mtu. Kwa mwezi mmoja wa majaribio, kisha Mkaguzi atarudi kuamua.

Ni Dada.

Mkaguzi aliandika kwamba sarufi yangu haina dosari, na kwamba imemtia wasiwasi. Dada ameripoti kazini leo akiwa na kitambaa chake cha meza. Amekitandika mahali pa jua. Nilipopita nikaweka mkono kidogo, akanipiga kofi la mkono. Akasema nyumbani unanizibia ukumbi, hapa utanizibia na mwanga?

Bwana Tai naye ameshushwa stoo. Ilinifariji kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaingia na meza yake. Hapakuwa na mahali pa kuiweka. Tukashika rafu kubwa ya nyuma, ambayo sasa ni tupu kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, tukaisukuma pamoja huku kila mmoja akimwambia mwenzake asukume.

Nyuma yake palikuwa na mbao zimegongomewa ukutani. Katikati ya mbao mbili palikuwa na uzi mwembamba wa mwanga.

Bwana Tai alichomoa ubao mmoja kwa mikono. Kioo. Kidogo, juu ya kimo cha kichwa, kimevaa vumbi la watu waliotutangulia. Lakini nyuma yake kulikuwa na reli, na anga iliyooshwa na mvua, na jua. Likaingia. Likatua sakafuni, sakafu ambayo nimeikanyaga miaka yote bila kujua kwamba ni nyekundu. Vumbi likawa linaogelea hewani, linameta, halina haraka. Tulisimama kando kando, mimi na adui yangu, kama watoto kwenye mlango wa chumba cha mgeni. Kwa muda mfupi nilimpenda.

Kisha nikamwona anatazama dirisha. Akaniona namtazama.

Nikapiga kelele! Nikawaita Babu Funguo na Mama Deki kama nyumba inaungua. Wakaja mbio, Mama Deki na ndoo. Bwana Tai alikuwa bado anahangaika na ubao wa pili. Nikapanda juu ya sanduku, nikaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, nikasema mbele yao, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba ninalo dirisha, ni langu.

Bwana Tai akapinga. Akasema haya, desturi ni desturi, basi litoke jengoni kabla ya jioni! Tukamtazama Babu Funguo. Babu alifikiri sana. Alikwenda nje, akalitazama kwa upande ule, akarudi. Akasema dirisha hilo upande wake mmoja uko nje tangu lilipozaliwa, kwa hiyo limeshatoka. Mama Deki akasema na upande wa ndani atauosha yeye. Bi Mkubwa alipoelezwa alicheka mpaka akaegemea mlango, akasema liwe langu, kwa sharti nisimwambie Mkaguzi.

Meza yangu iko chini ya dirisha. Ya Bwana Tai iko kwenye kona, pamoja na tarumbeta, ambalo hakuna aliyelidai.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Ninaandika haya juani.

Limepita dirishani asubuhi, likateremka ukutani, sasa limelala kwenye mkono wangu wa shati kama nilivyoota. Treni ikipita kivuli chake kinapita mezani, behewa moja moja, na nyuma ya kila behewa mwanga unarudi. Nimetazama hivyo asubuhi nzima. Nadhani nilitabasamu. Bwana Tai aliuliza kama tumbo linaniuma.

Mtu mwingine angetosheka. Lakini mimi nimekaa hapa nikafikiri, na nimeona wazi kilichoniangusha Ijumaa. Niliishia sura ya kwanza! Ningejua vitenzi vya kutoa, ningekuwa pale mbele sasa, na dirisha kubwa, na jua la kutosha watu wawili. Dada yuko kwenye majaribio tu. Mkaguzi atarudi. Atanikuta nimeiva.

Nimefungua sura ya pili. Ni nyepesi. Maelekezo ni yale yale: mwanafunzi ashike kitu alichonacho, aseme kwa sauti, mbele ya wasikilizaji, kwamba anampa mwenzake. Nimetazama huku na huku nione nina nini. Nina dirisha tu. Basi sentensi yangu ya kwanza itakuwa: ninakupa dirisha langu. Nimeijaribu kimoyomoyo. Tamu sana. Nitaisema kwa Kiingereza, kisha nitaifafanua kwa Kiswahili, asiachwe mtu nyuma.

Kesho saa ya chai. Babu Funguo na Mama Deki wamekubali kuja, na safari hii wamesema wataleta biskuti wao wenyewe. Nilihitaji na mtu wa tatu, wa kupewa. Nikamwomba Bwana Tai. Nilidhani atakataa, kwa jinsi tulivyo. Alikubali kabla sijamaliza kuomba, akaniambia kaka, elimu haina mwisho.

Sasa hivi anapima upana wa meza yake kwa kamba, kisha anakuja kupima hapa nilipokaa. Ni mtu mwema, kumbe. Nilikuwa sijampa nafasi.